Ili ya Nani?

Wanangu mnaoandika na kusoma habari, juzi mmenichekesha na kuniudhi kwa pumzi moja. Nilikuwa hapa kwangu Mwanga nachambua dagaa, redio iko dirishani. Mkasema mfanyabiashara mmoja wa vitenge amefunga duka lake "ili kuwakwepa wateja wanaolalamika kuwa vitenge vyake vinachuja rangi". Mama huyo ni jirani yangu. Alifunga duka kwa sababu ya jino. Shavu lilivimba kama andazi, hata salamu alikuwa anaitikia kwa mkono.

Sasa nauliza. Aliyeandika habari ile aliona mlango umefungwa, sawa. Kufuli aliliona. Malalamiko ya wateja aliyasikia, sikatai. Lakini hiyo "ili" aliiona wapi? Ilikuwa imening'inia kwenye kufuli?

Swali hili si langu, nimelirithi. Mwenyewe aliyekuwa akiliuliza kila siku ya Mungu alikuwa Bi Hidaya, mhariri wetu, na ninyi ambao hamkumwahi nawahurumia kidogo.

Kwanza mnijue. Mimi ni Anastazia, mzaliwa wa kijiji cha Simbo, na nilisoma taarifa ya habari kwenye redio ndogo ya hapa Kigoma mpaka sauti yangu ikajulikana kuliko sura. Hadi leo nikienda sokoni kununua migebuka, muuzaji ananitazama, anainamisha kichwa, anasema, "Mama, hebu ongea tena." Nikiongea ananiongezea samaki. Hiyo ndiyo pensheni yangu ninayoifurahia zaidi.

Bi Hidaya alikuwa mtu wa Ujiji hasa. Bibi mzaa mama Mmanyema, babu mzaa baba alikuja na biashara kutoka pwani, na yeye katikati akawa na Kiswahili ambacho ukikisikiliza unaona aibu kufungua mdomo. Alikuwa amesoma, Kiingereza chake kilitupita sote. Alikuwa mfupi, mwembamba, kalamu ya risasi ameichomeka nyuma ya sikio chini ya mtandio, na sauti yake ilikuwa nyembamba na yenye mafua ya kudumu, ndiyo maana hakusoma redioni hata siku moja. Kitu kimoja tu alikiogopa duniani, nacho ni ziwa. Mtu aliyezaliwa Ujiji, aliyelelewa kwa samaki wa Tanganyika, hajawahi kuweka mguu hata kwenye mtumbwi wa kuvulia! Tukimtania alikuwa anasema, "Mimi na ziwa tunaheshimiana kwa mbali."

Alikuwa akisoma habari yako huku anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza kaswida. Kichwa kikisimama, ujue amekutana na neno. Anakuita.

"Mwanangu, hii ili ya nani?"

Hapo unajua umekwisha.

Niwaeleze kwa nini "ili" ilikuwa inatusumbua sisi wa redio kuliko watu wengine. Habari zetu nyingi zilitufikia kwa Kiingereza. Taarifa za ofisi, za mashirika yaliyokuwa yakihudumia wakimbizi, za magazeti ya huko Dar. Kiingereza kina maneno yake ya kueleza kusudi, "in order to", mliyafundishwa shuleni. Tatizo ni kwamba wenyewe kwa haraka zao huyakata, wakabakiza kile kipande cha mwisho, "to". Na kipande hicho wanakituma kila mahali kama kitindamimba wa nyumbani. Mara kinabeba kusudi la mtu, mara kinabeba tu kilichotokea baadaye bila mtu kukusudia, mara hakijabeba chochote, kimepita tu njia.

Kwenye meza ya tafsiri tulikuwa na Gervas, kijana kutoka Kasulu, mchapakazi, asiyejua kuchelewa wala kusengenya. Lakini alikuwa na kanuni moja aliyotoka nayo shuleni na aliishika kwa imani yote: ukiona "to", weka "ili". Kwa kanuni hiyo tulipata mambo. Siku moja alileta habari ya kifo cha mzee mmoja mheshimiwa, imeandikwa, "Marehemu aliishi ili afikishe miaka tisini."

Kichwa cha Bi Hidaya kikasimama. "Maskini," akasema. "Na mimi nilidhani aliishi kwa ajili ya wanawe."

Siku nyingine ilikuwa ziara ya kijijini kwetu. Gari la mgeni lilikwama tope, likachelewa. Gervas akaandika, "Mgeni rasmi aliwasili Simbo ili akute wananchi wameshatawanyika."

"Huyu mgeni ana roho mbaya," Bi Hidaya akasema. "Kapita tope lote lile makusudi akatazame viti vitupu?"

Nilicheka mpaka kwikwi ikanishika, na taarifa ya habari ilikuwa inanisubiri. Gervas naye akacheka, kwa sababu alikuwa mtu mzuri, lakini kanuni hakuiacha. Kanuni ya shule ni kama kovu la utotoni, unazeeka nayo.

Msidhani Bi Hidaya alikuwa anapigana na Kiingereza. Kiingereza alikipenda. Alichokuwa anapigana nacho ni uvivu wetu. Ukiacha "ili", kulikuwa na ndugu zake wanene: "kwa lengo la", "kwa madhumuni ya", "katika jitihada za". Wananchi wamejitokeza kwa lengo la kufanya usafi wa mazingira. Yeye anachukua kalamu ya sikioni, anaandika: wananchi wamefagia soko. Akawa anatuambia, "Anayesema 'kwa lengo la' amevaa koti juani. Mvue, apumue." Na ukiandika "ili kuweza kupata", lile "kuweza" lilikuwa halifiki mchana.

Lakini hayo ni mambo ya usafi tu. Somo lenyewe lilikuwa zito zaidi. Nililielewa siku ya madawati. Diwani mmoja, simtaji na msimtafute, alipeleka madawati shuleni wakati uchaguzi unanukia. Taarifa ikaja ofisini kwetu: diwani ametoa madawati ili kuinua elimu. Gervas akaiandika vilevile. Bi Hidaya akaigeuza: diwani amepeleka madawati, amesema anataka kuinua elimu.

"Bi Hidaya, si ni kitu kilekile?" Gervas akauliza.

"Si kilekile, mwanangu. Hiyo ya kwanza umeapa wewe. Hii ya pili ameapa yeye."

Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi, chai ikapoa. Mpaka leo sijapata kufundishwa kazi yetu kwa maneno machache kuliko hayo. Mkono wa mtu unauona, mdomo wake unausikia, lakini kusudi liko ndani, na ndani hatuna ufunguo. Mwenye nyumba ndiye anayefungua. Asipofungua, unaandika mlango umefungwa na unakwenda zako.

Sasa niwasimulie habari ya nahodha Shabani, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niache dagaa na kushika kalamu.

Siku hiyo Bi Hidaya hakuwepo ofisini, alikuwa msibani Ujiji. Upepo wa kusini ulikuwa umeamka na hasira tangu asubuhi. Mtumbwi wa injini wa nahodha Shabani ulikuwa unatoka Ilagala kuja mwaloni Kibirizi, bandari yetu ya mitumbwi, umebeba abiria, madumu ya mawese na unga wa muhogo. Karibu na pale Malagarasi unapomwaga maji yake ziwani, injini ikazima. Mawimbi yakaanza kuupiga mtumbwi ubavuni. Nahodha akaruka majini, akaogelea kwenda nchi kavu. Baadaye wavuvi walifika na mitumbwi yao, wakawaokoa abiria wote. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu.

Miongoni mwa abiria walikuwemo watumishi wa shirika moja, wakaiarifu ofisi yao kwa redio ya mawasiliano, nayo ikatutumia taarifa fupi kwa Kiingereza. Ilisema nahodha aliruka, "left the boat to drift", kisha wavuvi wa eneo hilo wakawaokoa abiria. Kiingereza hicho hakikuwa na kosa. Maana yake ni kwamba aliuacha mtumbwi ukawa unaelea wenyewe, basi. Lakini Gervas aliiona ile "to", na muda ulikuwa umembana. Akaandika: "Nahodha aliruka majini na kuuacha mtumbwi ili upotee ziwani pamoja na abiria."

Nikapewa karatasi mlangoni mwa studio, nikaisoma saa saba mchana kama ilivyo, Kigoma nzima ikiwa mezani na ugali wake.

Hebu isomeni tena polepole, muone neno dogo linavyoweza kumfanya mtu muuaji. Ukisema "aliuacha mtumbwi uelee", umesema alichofanya. Ukisema "aliuacha ili upotee na watu", umesema alikaa, akafikiri, akataka wafe.

Shabani alifika Kibirizi na mitumbwi ya wavuvi wakati habari imeshatangulia. Watu wenye ndugu zao mtumbwini walikuwa wamejaa pale, na redio ilikuwa imesema. Wavuvi walijaribu kueleza kwamba huyu ndiye aliyewaita, lakini nani angewasikiliza wavuvi, redio imesema! Wakampiga. Wavuvi walipofaulu kumtorosha, watu wakaugeukia mtumbwi wake uliokuwa umekokotwa nyuma. Wakaing'oa injini, wakaupindua kifudifudi mchangani.

Kule msibani Bi Hidaya alikuwa ndiyo kwanza amenawa mikono ale. Dukani jirani redio ilikuwa inaongea. Mzee mmoja akasema, "Nahodha kama huyo ni wa kuchomwa moto." Wengine wakaitikia. Bi Hidaya akainuka, akaacha sahani kama ilivyo, akaja ofisini na kanga zake za msiba.

"Ana, nani kasema ili upotee?"

Nikampa karatasi mbili, ya Kiingereza na ya kwetu. Akazisoma amesimama. Kichwa hakikutikisika hata mara moja.

Gervas alikuwa amekaa pembeni, mikono katikati ya magoti. Habari za Kibirizi zilikuwa zimemfikia. Akasema, "Bi Hidaya, kosa ni langu. Nimeshairekebisha." Akampa karatasi nyingine. Nami nilikuwa nimeiona na nimeipenda. Ilisema: nahodha aliondoka mtumbwini ili kutafuta msaada wa wavuvi.

Bi Hidaya akaisoma. "Hii ili nayo ni ya nani?"

"Lakini msaada aliuleta, Bi Hidaya! Wavuvi wanasema."

"Aliuleta, hilo tumelisikia kwa waliokuwepo. Lakini aliruka ili aulete? Nani kakwambia? Kwanza umemtia moyoni shetani, sasa unamtia malaika. Wote umewaleta wewe."

Wanangu, hapa nataka mtulie. Sisi sote tulikuwa tunamhurumia yule mtu. Tulitaka kumtendea wema. Na ile "ili" ya pili ilikuwa nzuri, inafaa, ingemwosha. Mhariri wa kawaida angeipokea kwa mikono miwili na kwenda kunywa maji. Mwanamke huyu akachukua pochi yake akasema, "Twende kwa mwenyewe."

Tulimkuta Shabani nyumbani kwake Ujiji, chumba cha uani, mlango umerudishiwa. Alikuwa mtu mrefu, sasa amejikunja kwenye mkeka, jicho moja limefumba kwa kupigwa. Mkewe, Mama Zuwena, alitufungulia, na alipotambua sauti yangu kwenye salamu, akarudi nyuma hatua. Sitasahau ile hatua.

Bi Hidaya akakaa chini mkekani, akampa pole, akamwambia sisi ni nani na tumefanya nini. Hakuzunguka. Kisha akauliza, "Baba, uliruka ili iwe nini?"

Kabla Shabani hajajibu, Mama Zuwena akapiga magoti. "Bi Hidaya, nakuomba kwa jina la Mungu. Sema aliruka kwenda kuita watu. Si aliwaita? Si walikuja? Kuna ubaya gani? Huyu asipopata abiria sisi tutakula nini? Hana kazi nyingine anayoijua."

Nilimtazama Bi Hidaya. Nilikuwa namwombea akubali, nawaambia ukweli.

"Mwache, Mama Zuwena," Shabani akasema. "Walioniona nikiruka wako hai. Wanajua." Akamgeukia Bi Hidaya. "Mama, nisikudanganye. Injini ilipokufa lilikuja wimbi la kwanza, likaja la pili, mimi nimesharuka. Sikufikiri kitu. Woga tu. Nimekulia kwenye ziwa hili, lakini leo nililiogopa kama mgeni."

"Kisha?"

"Kisha naogelea, nasikia akina mama wanalia nyuma yangu. Nikageuka, nikaona mtumbwi unavyochezewa. Ndipo akili ikanirudia. Nikajiambia, Shabani, ukifika nchi kavu peke yako, utaishi wapi? Nikaongeza mikono. Nilipogusa mchanga nilikuwa tayari napiga kelele kuwaita wavuvi. Wakanipakia, tukarudi wote."

"Kwa hiyo ili yako ilizaliwa majini," Bi Hidaya akasema.

Shabani akacheka kidogo, akashika jicho lake kwa maumivu. "Eeh, mama. Ilizaliwa majini."

"Utakubali kuyasema haya haya kwenye hiki kinasa sauti? Na ule woga?"

Mama Zuwena akafunika uso kwa kanga. Shabani akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akasema, "Lete."

Njiani tukirudi Gervas aliuliza kwa nini tusisahihishe jioni ileile. Bi Hidaya alimjibu jambo ambalo nataka mlibandike ukutani: kosa lililosemwa saa saba linasahihishwa saa saba, ili walewale waliolisikia wawe palepale na ugali wao uleule. Usahihishaji wa kuvizia, wa saa ambayo watu wanakoga, huo ni kujikosha wewe, humwoshi uliyemchafua. Na mtaona hapo nimeandika "ili". Hiyo ni halali. Ni ya Bi Hidaya, aliisema mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

Kesho yake saa saba nilikaa studio nimejiandaa kusoma. Mlango ukafunguka, akaingia yeye. Akanionyesha kwa kidole nisogee. Mhariri ambaye hajawahi kusema neno hewani akakaa kwenye kiti changu, akakohoa, akaanza kwa ile sauti yake ya mafua.

"Mimi ni Hidaya, mhariri wa redio hii. Jana saa hizi tuliwaambia kwamba nahodha Shabani aliuacha mtumbwi wake ili upotee na abiria. Hakuna aliyetuambia hivyo. Ile ili haikuwa yake, ilikuwa yetu. Tumemkosea yeye, na tumewakosea ninyi mliotuamini. Sasa msikilizeni mwenyewe."

Kisha ikaja sauti ya Shabani, na woga wake, na akina mama wanaolia nyuma, na "utaishi wapi". Hatukuongeza kitu. Jina la Gervas halikutajwa. Alipokuja kumshukuru, machozi yanamlengalenga, Bi Hidaya alimwambia, "Ndani ya mlango huu kosa ni lako na nitakusumbua nalo mpaka nizeeke. Nje ya mlango ni letu." Na kweli alimsumbua. Na Gervas, niwaambieni, alikuja kuwa mfasiri bora niliyemjua maishani. Ukimpa sentensi yenye "to" alikuwa anaitazama kama mtu anayepima nyanya sokoni.

Alasiri hiyo aliingia ofisini mama mmoja mkubwa, nguo zake zinanukia mawese, hakubisha hodi. Alikuwa Mama Joze, muuza mawese wa Ilagala, na siku ile alikuwemo mtumbwini. "Mwakeye, nyie redio!" akatusalimia kwa salamu ya asubuhi ya Kiha, ingawa asubuhi ilikuwa imepita zamani. "Yule bwana kasema kweli. Karuka kama chura, hata kwaheri hakutuaga! Nilimtukana mpaka sauti ikakauka." Akavuta kiti bila kukaribishwa. "Lakini na mimi niseme kweli. Ningeruka. Tena ningemtangulia. Tatizo langu sijui kuogelea."

Tulicheka, na maneno hayo yakaenea Kigoma nzima kuliko taarifa yetu. Watu wakaanza kumsalimia Shabani njiani. Walioing'oa injini wakairudisha wenyewe na mtumbwi wakausimamisha, wakijifanya wanapita tu. Nikadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Kumsamehe mtu kwa mdomo ni rahisi, mguu ndio wenye ukaidi. Siku ya gulio la Ilagala tulikwenda Kibirizi, mimi na Gervas, tuone. Mwalo ulikuwa umefurika. Mitumbwi mingine ilikuwa inajaza mpaka wanakataa mizigo. Wa Shabani ulikuwa mtupu. Yeye alikuwa amesimama majini mpaka magotini, ameshika kamba, anawasalimia watu, wanaitikia vizuri kabisa, wanampita wanakwenda kupanda kwa jirani yake. "Pole, nahodha." "Siku njema, nahodha." Hakuna aliyemtukana. Nadhani matusi yangekuwa afadhali. Mama Zuwena alikuwa amesimama mbali kidogo na kapu la maandazi ya safari, hajauza hata moja.

Moyo uliniuma. Nikamwambia Gervas, laiti tungesema ile ili nzuri, leo mtumbwi ungejaa. Gervas alikuwa anatazama nyuma yangu.

Bi Hidaya alikuwa anashuka kwenye mchanga. Amevaa baibui lake la heshima, kapu mkononi, ndala ameshazivua. Alipita katikati ya wachuuzi, akapita mitumbwi iliyojaa, akaenda moja kwa moja mpaka ukingoni. Pale akasimama. Wimbi dogo lilimgusa vidole akaruka nyuma kidogo, na watu wanaomjua wakaanza kutazamana.

"Karibu, mama," Shabani akasema. Akamnyooshea mkono.

Nilikuwa nimemjua mwanamke huyu miaka yote hiyo. Nilijua kwamba hata picha ya meli ukutani ilikuwa inamkosesha raha. Akaushika ule mkono, akafumba macho, akapanda. Mtumbwi ukayumba, akapiga bismillahi ambayo mwalo mzima uliisikia. Kisha akakaa kwenye ubao wa kwanza, mikono miwili imeng'ang'ania ukingo.

Halafu nikasikia sauti ya Mama Joze ikitoka kwenye mtumbwi wa jirani, "Nishusheni hapa! Nishusheni, nimesahau kitu!" Akashuka na madumu yake matupu, akatembea majini, akajipandisha kwa Shabani mpaka upande mmoja ukazama kidogo. "Nisogezee, Bi Hidaya. Tukae wawili tusiojua kuogelea." Nyuma yake akaja mzee mmoja na baiskeli yake. Kisha watu wawili wakinong'onezana. Kisha sikuhesabu tena. Mama Zuwena alikuwa anagawa maandazi huku analia waziwazi, wala hakujifuta.

Gervas aliingia majini na suruali yake, kinasa sauti juu ya kichwa, akaufikia mtumbwi.

"Bi Hidaya, tuandikeje? Umepanda ili iwe nini?"

Hakufumbua macho. "Andika nimepanda."

Saa saba mchana niliisoma mwenyewe. Bi Hidaya wa Ujiji leo amepanda mtumbwi wa nahodha Shabani kwenda Ilagala. Nikaweka nukta hapo.